Chanjo Niliyoiua kwa Barafu

Usifungue friji. Hilo ndilo la kwanza, na nimechoka kulisema kwa simu. Stima ikipotea alasiri, joto likiwa bado limelala juu ya mabati, mkono wako utawashwa kufungua friji ya chanjo uone kama baridi ipo. Ipo. Ukifungua ndipo unapoitoa. Chukua penseli, andika saa kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, chomoa plagi ukutani, kisha nenda ukahudumie watu walioketi kwenye benchi.

Ninawaandikia nyinyi wauguzi mlioajiriwa juzi katika zahanati za Lambwe, Magunga na kule chini Nyatike. Mnanipigia sana. Wiki iliyopita mmoja wenu alinipigia mara nne kwa siku moja, na mara ya nne alikuwa analia. Mkalitusi ulikuwa umeangukia nyaya, siku ya pili hakuna stima, kipimajoto cha friji kimefika nyuzi tisa, na kesho yake ni kliniki ya watoto.

"Mama Konso, niweke barafu nyingi?" akaniuliza.

Nilimweleza la kufanya. Swali hilo niliwahi kujiuliza mwenyewe miaka mingi iliyopita, nikajijibu vibaya. Nikaona basi, badala ya kurudiarudia simuni huku chaji ikiisha, niandike mara moja mpelekeane.

Jina langu ni Konsolata. Kijijini waliniita Sista Konso, wengine daktari, maana kwetu yeyote anayetoka ndani ya zahanati ni daktari, hata anayefagia. Nilifanya uuguzi miaka thelathini na moja, na kumi na tisa kati ya hiyo niliimalizia katika zahanati moja tu pembeni mwa bonde la Lambwe. Nimestaafu. Magoti yangu yalistaafu mapema kidogo, bila barua.

Joto letu mnalijua, lakini wengi wenu mmelikuta likiwa na feni. Januari na Februari bonde lile linakauka mpaka ng'ombe wanaacha kutafuta majani, wanasimama tu. Dirisha la chumba cha chanjo lilitazama magharibi, na saa nane mchana huwezi kuweka kiganja ukutani ukakiacha. Halafu, ukidhani siku itaisha hivyo, upepo unageuka, mawingu yanapanda juu ya vilima vya Gwassi, na nusu saa baadaye mvua ya mawe inapiga. Stima yetu haikungoja mvua. Ilienda zake upepo ukianza tu kuvuma. Mikalitusi tuliyoipanda wenyewe kando ya barabara ndiyo iliyoangukia nyaya, kwa hiyo hata wa kumlaumu tulimkosa. Mara nyingine ilirudi jioni, mara nyingine baada ya wiki nzima.

Waluo humpa mtoto jina la hali aliyozaliwa nayo, na wa kwenye mvua ni Okoth au Akoth. Nimezalisha kina Okoth wengi huku tochi nimeiuma kwa meno, mchana uliogeuka giza, kiasi kwamba mzee mmoja alinitania eti mimi na mawingu tumekula njama. Nilicheka naye. Siku hizo nilikuwa bado na nguvu za kucheka saa za kazi.

Aliyenifundisha friji ni Mzee Obura. Alikuwa fundi wa friji za chanjo, akizunguka zahanati zote za upande wetu na pikipiki kuukuu na kisanduku cha spana. Kabla ya hapo alifanya kazi kwenye kiwanda cha barafu cha wavuvi kando ya ziwa, na alipenda kusema kwamba ameishi na baridi miaka mingi kuliko alivyoishi na mke wake. Siku ya kwanza tulipokutana alifungua friji yangu, akakuta chupa za chanjo, soda mbili za chifu, na ngege mkubwa wa mwenzangu aliyetaka kumpeleka nyumbani jioni. Mzee Obura alimtoa yule samaki kwa mkia, akatoka naye mpaka kwenye benchi la kina mama.

"Huyu naye amekuja chanjo gani?" akauliza. "Kitabu chake cha kliniki kiko wapi?"

Kina mama walicheka mpaka watoto wakaamka. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Tangu siku hiyo hakikuingia kitu kwenye friji ile ila chanjo, na chupa za plastiki zilizojaa maji nilizozipanga chini. Zile chupa msizidharau. Stima ikipotea, maji yale ndiyo yanayoshikilia baridi, na yanaweza kukupa saa kadhaa ambazo jirani yako hana.

Aliniambia pia kwamba stima ikirudi, nisichomeke plagi hapo hapo. "Hiyo inarudi na hasira," alisema. "Wacha ipoe roho kwanza." Mwaka mmoja sikumsikia. Nilichomeka kwa furaha, friji ikatoa moshi mwembamba kwa nyuma, nami nikaisindikiza mjini kwenye pikapu, mikono kichwani, watu wakinipa pole njiani wakidhani nimefiwa. Nusu saa. Ngoja nusu saa.

Hayo ni makosa ya kusimulia watu wakacheka. Lingine sijawahi kulisimulia lote.

Ilikuwa Jumatatu ya mwisho wa Februari. Saa tisa upepo wa mvua ulikuja kutoka ziwani ukang'oa nguzo mbili karibu na soko, na stima ikapotea. Friji yetu ya wakati ule ilitumia stima, na stima isipokuwepo ilitumia gesi. Mtungi wa gesi ulikuwa mtupu kwa wiki mbili. Ombi nililiandika, jibu sikulipata. Jumanne asubuhi kipimajoto kilisoma nyuzi nane, ambayo ndiyo mwisho wa usalama wa chanjo. Saa sita kilikuwa kumi na moja. Jua lilikuwa limewaka upya kana kwamba mvua haikunyesha, na Jumatano, kesho yake, ilikuwa siku ya kliniki.

Nilipanda pikipiki mpaka Magunga kwa Bi Zainabu. Huyu alikuwa mfanyabiashara Mwislamu aliyetoka Garisa, akafungua duka la jumla pale sokoni, na alikuwa na jenereta na friza kubwa. Alitugandishia pakiti zetu za barafu bila kinyongo. Ni vile vibapa vya plastiki vyenye maji ndani, vinavyopangwa kuzunguka chanjo kwenye sanduku la kubebea. Alivitenga upande wake mwenyewe, mbali na samaki wa watu.

"Chukua zote, sista," akasema. "Zimekaa humo wiki nzima, zimekuwa mawe."

Zilikuwa mawe kweli, na nilifurahi. Nilifika zahanati zikiwa zinatoa moshi wa baridi, na hapo ndipo kosa lilipo, kwa hiyo msome polepole.

Pakiti ikitoka kwenye friza haiendi moja kwa moja kwenye sanduku. Unailaza mezani. Unaiacha itoe jasho. Unaichukua, unaitikisa karibu na sikio, na ukisikia maji yakitembea ndani, hapo sasa iko tayari, kwa sababu barafu iliyoanza kuyeyuka haiwezi kugandisha chanjo. Nilifundishwa hivyo chuoni, na Mzee Obura alinirudia. Lakini kwa joto la Jumanne ile, kuacha barafu mezani iyeyuke niliona ni wazimu, ni kama kumwaga maji wakati wa ukame. Nilizipanga pakiti zote zikiwa mawe, chini, kando na juu, nikazibanisha chupa za chanjo katikati yake, nikafunga kifuniko, nikakifunika kwa blanketi yangu mwenyewe. Nilijiona mama mwema sana.

Jumatano asubuhi nilifungua sanduku. Barafu ilikuwa imeyeyuka nusu, chupa ni baridi, dawa ni maji. Nilitazama alama. Kwenye lebo ya kila chupa kuna mraba mdogo ndani ya duara, na chanjo ikipata joto la kuiharibu mraba unageuka mweusi. Yangu yote ilikuwa myeupe. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Kumbe mraba ule unajua joto peke yake. Chanjo inaweza kuganda usiku kucha, ikafa, ikayeyuka asubuhi, na mraba ukabaki mweupe kama siku ilipotoka kiwandani.

Chanjo ya matone ya mdomoni haijali barafu. Inayokufa ni ile ya sindano, tano kwa moja, inayomkinga mtoto na kifaduro, dondakoo, pepopunda na mengine. Nilipovuta dozi ya kwanza niliona chembe nyeupe zikielea ndani ya chupa, kama maziwa yaliyoanza kukatika. Niliziona. Ninaliandika hili ili msije mkasema Mama Konso hakujua. Nilitikisa chupa kwa nguvu, zikapotea, nami nikajiambia ndivyo ilivyo. Nje kulikuwa na kina mama kumi na tisa, wengine walitoka upande wa mbuga kabla jua halijachomoza, na benchi lilikuwa tayari limeanza kuwaka moto. Nikamwita wa kwanza.

Wa mwisho alikuwa Pamela, mama ya Baraka. Alikuwa mke mdogo kwa umri, na mama mkwe wake hakutaka kusikia habari za sindano. Nilikuwa nimeenda kwao mara tano, nikanywa uji, nikasifu mtama, ndipo akaruhusiwa kuja. Baraka alipodungwa alipiga kelele, na Pamela akanitazama akicheka kwa raha.

"Sasa amepona kabla hajaugua, sindio?" akasema.

"Ndiyo," nikamjibu.

Alhamisi Mzee Obura alipita. Alikuwa ametoka zahanati ya mlimani, na kwenye kibeba chanjo chake alikuwa na chupa moja nzima ya dawa ile ile. Nilimweleza kwa majivuno jinsi nilivyookoa chanjo zangu. Alichukua chupa iliyobaki sandukuni mwangu, akachukua na yake, akazitikisa zote mbili pamoja, akaziweka dirishani, akavuta kiti.

"Keti," akaniambia. "Tuangalie."

Baada ya robo saa hivi, chupa yake ilikuwa bado ina ukungu mmoja kutoka juu mpaka chini. Yangu ilikuwa imejitenga. Juu maji safi, chini tope jeupe.

"Ya kwako imekufa," akasema. "Uliichapa na barafu."

"Mzee, mraba ni mweupe."

"Mraba hajui baridi. Umedunga wangapi?"

"Kumi na tisa."

Alifunga kisanduku chake cha spana, akakifungua tena, akakifunga. Nilimwuliza nani mwingine anajua. Akasema mimi na yeye. Nikamwuliza nifanye nini.

"Sista, mimi kazi yangu ni friji," akasema. "Watoto ni wako."

Nilimchukia kwa jibu hilo, na nimekuja kuwajibu hivyo hivyo wengine baada yake. Siku ile nilitaka aniambie ninyamaze. Dawa iliyoganda haimwui mtoto, haimpi hata homa. Haimsaidii tu. Kina mama kumi na tisa wangerudi nyumbani wakiamini mtoto amekingwa, na pengine asingeugua hata mmoja, na hakuna ambaye angejua. Lakini nimewahi kumshika mtoto wa kifaduro. Anakohoa mfululizo mpaka midomo inageuka rangi, anavuta pumzi kwa mlio, anakuangalia wewe, si mama yake, kwa sababu wewe ndiye daktari. Niliogopa macho hayo. Niliogopa pia kina mama, maana ilituchukua miaka kuwaleta kwenye benchi lile, na neno moja tu kwamba Sista Konso amedunga watoto maji lingeacha benchi tupu.

Nilimweleza mkubwa wangu wa kazi, mtu mzuri, simlaumu. Akaniagiza nirudie wote baada ya wiki nne. "Waambie ni nyongeza," akasema. "Usiwatishe watu."

Kwa hiyo nilianza kuzunguka bondeni nikisema nyongeza. Nyumba tatu za kwanza walinishukuru, na moja wakanipa mayai. Ya nne ilikuwa ya akina Baraka. Nilimkuta mama mkwe peke yake, dani, kama Waluo wamwitavyo bibi, mkavu mwenye kiko, akianua mahindi. Nikasema neno langu.

"Nyongeza ya nini?" akauliza. "Mimi sijui kusoma, lakini hicho kitabu chenu jirani alinisomea yote. Nyongeza hakuna."

"Ni mpango mpya, dani."

"Yawa, Konso. Ulikunywa uji yangu mara tano. Leo hata macho hunipatii."

Nilikaa chini pale kwenye mahindi nikamwambia yote, barafu, chembe, nilivyotikisa. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea matusi, na yangenipunguzia mzigo.

"Koro sasa hiyo maji iko ndani ya mjukuu wangu?"

"Iko. Haitamdhuru. Lakini haitamlinda."

"Mtoto hayuko hapa," akasema. "Mama yake amefuata bwana yake kule Macalder, kwa mambo ya dhahabu. Enda umwambie mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Nilirudi kwenye zile nyumba tatu. Mayai nilikuwa nimekwisha kuyala, hilo nalo nililisema. Kisha nikaenda kwa wengine wote, nikisema ukweli kila mlango, wiki nne, kwa miguu na kwa pikipiki, jua likiwa kali ajabu kabla ya mvua ndefu kuanza. Baba mmoja alinifukuza mpaka nje ya ua. Mama mmoja alilia, nikalia naye. Wawili walikataa, halafu siku ya kliniki wakawa wa kwanza kwenye benchi. Walirudi kumi na wanane. Sijui kwa nini walirudi. Nilipomwuliza mmoja wao, alisema kama ningekuwa muongo ningebaki nyumbani kwa joto hilo.

Akabaki Baraka.

Mkubwa wangu alikubali niende, kwa shingo upande. Chupa ya chanjo ile ina dozi kumi, na ukishaifungua porini, mbali na friji, iliyobaki utaimwaga. "Mtoto mmoja, chupa moja," akaniambia. "Na hata hiyo ni hasara, tisa zitamwagwa." Asubuhi ya safari nilikaa dukani Magunga na pakiti ya barafu sikioni, nikitikisa, nikingoja, Bi Zainabu akinitazama kutoka kaunta.

"Sista, unaongea na nani kwa hiyo simu?" akauliza.

Niliposikia maji yakitembea ndani, ndipo nikafunga kibeba chanjo, nikatia begini pakiti nzima ya sindano, nikaanza safari, kupitia Karungu mpaka Macalder.

Kule mnakujua. Ni marundo ya udongo uliotoka chini, mashine za kusaga mawe zinalia kutwa, na kina mama wameinama kwenye madimbwi wakichekecha kwa makarai, maji rangi ya chai. Kivuli ni kipande cha nailoni juu ya vijiti vinne. Chini ya kimoja nilimkuta Baraka amelala juu ya gunia, mnene, na moyo wangu ulitulia kidogo. Pamela alinyoosha mgongo aliponiona, na uso wake ukabadilika.

"Kuna nini nyumbani? Dani amekufa?"

"Dani ni mzima. Nimekuja kwa ajili ya Baraka." Nikamwambia kama nilivyowaambia wengine. Mikono yake ilikuwa inachuruzika tope.

"Yaani nilikuuliza amepona, ukasema ndiyo."

"Nilisema ndiyo."

"Na umetoka Lambwe mpaka huku, hii jua, kuniambia ilikuwa maji?"

"Ndiyo."

Alifuta mikono kwenye leso pole pole. "Hao wengine wenye wanadunga watoto," akasema, "hawakoseangi? Ama huwa tu hawakuji kusema?"

Nilifungua kibeba chanjo. Alimshika Baraka akampakata, akamfunua paja. Nilitikisa chupa, nikaiinua kwenye mwanga, nikaiangalia mpaka Pamela akaniuliza kama nimelala. Ilikuwa ukungu mmoja, juu mpaka chini. Nikamdunga. Akalia sana, kilio kizuri.

Kilio kile kiliwaita wengine. Pamela alisimama akapaza sauti kwa wale waliokuwa madimbwini, kwanza kwa Dholuo, halafu kwa Kiswahili kwa ajili ya Wakuria, kwamba huyu ni sista wa kwao na huyu akikosea anakuja kusema. Wakaweka makarai chini. Wakaja na watoto migongoni, wengine na vitabu vya kliniki vilivyolowa, wengi bila kitabu chochote. Wale wa machimboni huhama kila dhahabu inapohamia, na kliniki haiwafuati. Niliuliza umri, nikatazama vitabu vilivyosomeka, nikadunga. Wa pili, wa tatu, wa nne. Sikuwa nimewahi kufurahi hivyo kazini. Hata jua sikulisikia. Nilimfikiria mkubwa wangu na tisa zake za kumwagwa, nikacheka peke yangu.

Wa kumi alipomaliza kulia, chupa ilikuwa tupu.

Aliyefuata kwenye foleni alikuwa mama wa Kikuria, mrefu, amefunga kitambaa cha njano kichwani, mtoto wa kike mgongoni labda wa miezi minne. Nyuma yake walikuwa wengine sita au saba, lakini yeye ndiye aliyekuwa amekwisha kumshusha mtoto na kumfunua paja.

"Imeisha, mama," nikamwambia.

Aliangalia chupa mkononi mwangu, akamwangalia Baraka.

"Na wangu?" akauliza.

Nilimwambia nitarudi baada ya wiki moja, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo. Nilikuwa na nia. Alasiri ile ile, nikiwa njiani, mvua ilishuka. Ilinyesha siku nne, daraja dogo la upande wetu likaenda na maji, stima ikapotea bonde zima. Nilirudi Macalder wiki ya tatu, nikiwa na chupa tatu ambazo niliziomba kwa kupiga magoti. Pamela alikuwepo. Wengine wachache walikuwepo, nikawadunga. Yule wa kitambaa cha njano alikuwa amehama. Mmoja alisema wameenda upande wa mpakani, mwingine akasema Kehancha. Jina lake hakuna aliyelijua, na mimi nilikuwa sijaliuliza, maana niliona hakuna haja ya kuandika ambaye sijamdunga.

Baraka sasa ni kijana mkubwa, ana sauti nzito, juzi alinibebea magunia. Mzee Obura tulimzika. Zahanati yangu ina friji ya sola, mnaniambia haihitaji mtu, na mimi nawaambia pandeni juu mkafute vumbi na mavi ya ndege kwenye zile sahani za sola, kisha ndio mniambie haihitaji mtu. Mawingu ya siku tano yakija, mtarudi kwa pakiti za barafu kama sisi, na mtazilaza mezani, na mtazitikisa sikioni, hata kama joto linawaambia mko wazimu. Mkiona chembe ndani ya chupa, simameni, hata benchi liwe limejaa vipi.

Yule aliyenipigia mara nne alifanya hivyo. Alinipigia tena jioni ya siku ya kliniki kunieleza kwamba chanjo ni nzima, kliniki imeenda vizuri, na kwamba kesho anaenda machimboni kumfuata mtoto mmoja aliyekosa. Akaniuliza kama kuna kitu amesahau.

Nikamwuliza amefunga chupa ngapi. Akasema moja, si ni mtoto mmoja tu.

Nikamwambia abebe mbili, na aandike majina ya wote watakaosimama kwenye foleni, hata wale ambao dawa haitawafikia.